Nani anakukaba usiku? Historia fupi ya jinamizi

Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo limewapata wengi wetu na wachache tu ndio hulisema hadharani. Umelala. Usiku wa manane, au alfajiri hivi, macho yanafunguka. Unakiona chumba, unaliona dirisha, unasikia hata jirani akiwasha pikipiki. Ila mwili hauendi. Mkono hauinuki, sauti haitoki, na kifuani kuna uzito kama mtu mzima amekukalia. Mbaya zaidi, unajua bila kuambiwa na yeyote kwamba humo chumbani hauko peke yako. Halafu ghafla unaachiwa. Unakaa kitandani unatweta, jasho linakutoka, na feni inazunguka kama kawaida.

Kiswahili kina jina lake: jinamizi. Siku hizi neno hilo tunalitumia kwa ndoto yoyote ya kutisha, na wenzangu wa dawati la michezo hawaishi kuandika "jinamizi la kufungwa ugenini". Mimi leo nazungumzia lile lenyewe, la kukabwa huku unaona. Wala si jambo la watu wachache. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Sharpless na Barber, walikusanya tafiti 35 zenye watu zaidi ya 36,000 kwa jumla. Wakakuta kwamba karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kukabwa angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi idadi ilipanda hadi 28 katika kila 100. Wanafunzi! Wale wanaokesha na vitabu (na mengineyo) kisha wanalala mchana.

Mimi lilinipata mwaka nilioanza zamu za usiku. Natoka kazini saa kumi alfajiri, nalala saa kumi na moja, saa tatu asubuhi jua limeshaingia chumbani. Siku moja likanishika, nikampigia simu bibi yangu aliyeko Tanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona sauti hivyo?"

Nikamsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Ulilala chali?"

Nikamjibu ndiyo, nililala chali.

"Basi usilale chali. Lala ubavu."

Hakuniuliza nimegombana na nani, wala nani ananionea wivu kazini. Jibu lake lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba historia ya jinamizi ni historia ya swali jingine kabisa, lile ambalo bibi hakuniuliza: nani amekufanyia?

Kila taifa lina mkabaji wake. Waarabu humwita kabusi au jathumu, yaani kinachokuangukia na kukulalia. Waturuki wana karabasan, mgandamizaji mweusi. Wajapani wanasema kanashibari, kufungwa kwa chuma. Kule Newfoundland, kisiwa cha wavuvi nchini Kanada, ni Bibi Kizee ndiye anayekupanda kifuani. Hata Waingereza na "nightmare" yao hawakuwa wanazungumzia farasi jike kama wengi wanavyodhani: "mare" ni jina la kale la pepo anayewakalia watu usingizini. Neno la Kifaransa, "cauchemar", limebeba pepo huyohuyo pamoja na kitenzi cha kukanyaga na kugandamiza. Watu ambao hawajawahi kuonana wameeleza jambo moja kwa namna inayokaribia kuwa moja: uzito kifuani, kiumbe chumbani, mwili uliofungwa.

Sasa wapo tangu zamani waliokataa habari ya pepo. Tabibu wa Bukhara aitwaye Akhawayni, aliyefariki mwaka 983, aliandika kwa Kiajemi kitabu cha tiba ambamo kabusi ameelezwa kama ugonjwa, si kiumbe. Alisema ni mvuke unaopanda kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo, akashauri kutolewa damu na kupunguza kula. Mvuke huo haupo, tunajua leo. Lakini hebu mtazameni mtu wa miaka elfu moja iliyopita anayeambiwa "nimekabwa na jini" naye anauliza umekula nini! Mwaka 1753 daktari mmoja aitwaye John Bond, ambaye mwenyewe alikuwa akikabwa mara kwa mara, alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili kwa Kiingereza. Naye alilaumu kulala chali, kwamba damu inatuama kichwani. Sababu aliyoitoa si sahihi, ila mkao alioutaja ni uleule wa bibi wa Tanga, na tafiti za sasa zinawaunga mkono wote wawili: wanaolala chali hukabwa zaidi. Mwaka 1781 mchoraji Henry Fuseli alichora picha ya mwanamke amelala chali, mikono inaning'inia, zimwi limekaa juu yake na kichwa cha farasi kimechomoza kwenye pazia. Ilipoonyeshwa London mwaka uliofuata watu walijazana kuitazama. Leo iko kwenye jumba la sanaa la Detroit.

Lakini kuna upande mwingine wa historia hii, na huo hauchekeshi. Mwaka 1692, katika mji wa Salem, koloni la Massachusetts, mwanamke aitwaye Bridget Bishop alishitakiwa kwa uchawi. Miongoni mwa mashahidi alikuwa mwanamume aitwaye John Louder. Aliieleza mahakama kwamba usiku mmoja aliamka akahisi uzito mkubwa, akamwona Bridget Bishop amemkalia tumboni, na hakuweza kujinasua. Mwingine, Richard Coman, naye akasema alilaliwa kitandani asiweze kusema wala kusogea. Ukisoma maelezo hayo leo unaona jinamizi waziwazi, kama lilivyo kitabuni. Mahakama iliona ushahidi. Tarehe 10 Juni 1692 Bridget Bishop alinyongwa, wa kwanza kati ya 20 waliouawa kwa hukumu za Salem. Nasi tunaotoka nchi ambayo vikongwe wenye macho mekundu wameuawa huko kanda ya ziwa hatuna haki ya kuwanyooshea kidole Wazungu wa karne ya 17.

Tukitaka mfano wa nyumbani kabisa, twende Zanzibar. Mapema mwaka 1995 habari zilianza Pemba, zikavuka kwenda Unguja: kuna kiumbe kinaingia majumbani usiku, kinawagandamiza watu kitandani, kinawadhalilisha, wanawake na wanaume. Kiliitwa popobawa, popo na bawa. Ilisemwa pia kwamba aliyeingiliwa lazima awasimulie wenzake, akificha kitarudi. (Fikirini mwandishi wa habari anavyoliona sharti hilo: habari inayojisambaza yenyewe.) Watu wakaanza kulala nje, familia nzima uani, wamewasha moto, wanapokezana kukesha. Kisha mjini Unguja umati ukamkamata mtu mmoja aliyekuwa na maradhi ya akili, ukamshuku kuwa ndiye, ukamuua.

Walioandika juu ya tukio hilo wameeleza mambo mengi. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi ya 1964, hofu ilikuwa juu, na kila upande uliwanong'ona wengine. Wapo waliosema moja kwa moja kwamba popobawa ni jinamizi tu. Mimi naona jibu hilo ni fupi mno. Jinamizi linaeleza uzito, kivuli na mwili uliofungwa. Halielezi kwa nini mwaka ule, kwa nini visiwa vile. Ila nadhani viwili hivi vilipeana nguvu. Mtu anayekesha kwa hofu usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, akipitiwa na usingizi wa nne ndiye hasa anayekabwa. Asubuhi anasimulia. Jioni yake mtaa mzima haulali. Mwaka 2007 popobawa alisikika tena, safari hii Dar es Salaam.

Haya, sasa tuhamie Chicago, mwaka 1951. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa uzamili aitwaye Eugene Aserinsky, ana mke na mtoto, mfukoni hana kitu, na shahada ya kwanza hakuwa nayo. Msimamizi wake, Nathaniel Kleitman, ndiye yule aliyewahi kukaa siku 32 ndani ya pango la Mammoth huko Kentucky mwaka 1938 akijaribu kuishi kwa siku yenye saa 28. Wakati huo wataalamu waliamini usingizi ni kama kuzima taa: ubongo umelala, hakuna cha kutazama. Aserinsky aliifufua mashine kuukuu ya kurekodi mawimbi ya ubongo, akambandika nyaya mwanawe Armond, mtoto wa miaka minane, akamwambia alale. Usiku kalamu za mashine zikaanza kuruka kama vile mtoto yu macho na anatazama huku na huku. Aserinsky akadhani mashine imeharibika. Akaingia chumbani. Mtoto amelala fofofo, ila chini ya kope macho yanakwenda mbio.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Science mwaka 1953. Ndipo dunia ikajua kwamba usingizi una hatua, na kwamba takriban kila dakika 90 tunaingia kwenye hatua ambayo macho yanacheza, ubongo unachemka, na ndoto zile ndefu zinakuja. Wataalamu huiita REM. Mimi nitaiita usingizi wa ndoto. Hatua hiyo huwa ndefu zaidi kuelekea alfajiri, na ndiyo maana wengi hukabwa saa hizo. (Aserinsky alifariki mwaka 1998 gari lake lilipogonga mti huko California. Wapo waliohisi kwamba alisinzia kwenye usukani.)

Kipande kilichobaki kilitoka Lyon, Ufaransa. Mwaka 1959 Michel Jouvet, akifanya kazi na paka, alionyesha kwamba wakati wa usingizi wa ndoto misuli ya mwili inalegea yote kabisa, isipokuwa ya macho na ile ya kupumulia. Kuna sehemu kwenye shina la ubongo inayotoa amri hiyo. Alipoiharibu sehemu hiyo, paka waliokuwa wamelala waliinuka, wakanyata, wakarukia panya ambaye hayupo. Walikuwa wanaigiza ndoto zao! Mwaka 1986 madaktari wa Minnesota, Schenck na Mahowald, wakaeleza ugonjwa huohuo kwa binadamu, zaidi kwa wanaume wazee: mtu anapiga ngumi na mateke usingizini, anamuumiza mkewe, kumbe ndotoni anapigana na mnyama. Ugonjwa huo huwa dalili ya mapema ya Parkinson kwa wengi wao, kwa hiyo kama mzee wako anafanya hivyo usicheke, mpeleke kwa daktari.

Basi jinamizi ni kinyume cha paka wa Jouvet. Kufuli ambalo ubongo huufungia mwili ili usiigize ndoto linachelewa kufunguka. Akili imeamka, macho yamefunguka, misuli bado imefungwa, na ndoto haijaisha, inaendelea kuchezwa juu ya chumba chako halisi. Misuli mikubwa ya kifua imelegea, unapumua kwa kiwambo peke yake, unajaribu kuvuta pumzi ndefu na haiji: ndio huo uzito. Ubongo, ukijikuta hauwezi kukimbia, unapiga kengele ya hatari na kumtafuta adui. Giza la pembeni mwa kabati linatosha. Kwa kawaida yote huisha kwa sekunde au dakika chache, na hakuna kilichoharibika mwilini. Mwaka 1992 watafiti wa Japani waliweza hata kulitengeneza jinamizi maabara: waliwaamsha watu katikati ya usingizi, wakawaacha walale tena ili waingie moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto, na baadhi yao wakakabwa huku mashine zinarekodi. Hakuna aliyeingia chumbani.

Je, kujua haya kunabadilisha kitu? Naona kunabadilisha, na sababu ni Misri. Mtafiti Baland Jalal na wenzake walilinganisha watu wa kawaida wa Misri na wa Denmark katika tafiti zilizotoka mwaka 2013. Misri waliowahi kukabwa walikuwa 44 katika kila 100, Denmark 25. Na Wamisri, ambao wengi walilihusisha na majini, waliogopa zaidi na kuona limedumu muda mrefu zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba hofu inazaa hofu: ukiamini unauawa, unalala vibaya, unaamka ukishtuka, na kila ukishtuka unalikaribisha. Simulizi ya Wahmong ni nzito zaidi. Hawa walikimbia Laos baada ya vita, wakahamia Marekani, na kuanzia mwaka 1977 wanaume wenye afya wakawa wanafariki usingizini. Wenyewe walimtaja dab tsog, pepo mkabaji wao, ambaye nyumbani walikuwa na tambiko la kumzuia na ugenini hawakuwa nalo. Madaktari baadaye walitaja hitilafu ya kurithi katika umeme wa moyo. Shelley Adler, aliyewahoji Wahmong wa California, anaona kwamba hofu ya pepo iliuongezea mzigo moyo uliokuwa na hitilafu tayari. Nasisitiza, kwa sababu najua kuna atakayesoma hapa na kukosa usingizi: jinamizi lenyewe haliui.

Kuna dada mmoja tuliyesoma naye chuo, jina lake nalihifadhi, aliyekuwa akikabwa karibu kila wiki na pia akisinzia darasani, kwenye daladala, hata akiwa anakula. Akicheka sana magoti yanamlegea anakaa chini. Familia ilimzungusha kwa waganga na kwenye maombezi miaka mitatu. Ugonjwa wa namna hiyo ulielezwa na daktari wa Kifaransa Gélineau mwaka 1880, akauita nakolepsi. Mwaka 2000 iligundulika kwamba ubongo wa wagonjwa wa aina hiyo umepoteza seli zinazotengeneza kemikali ya kuushikilia uamkaji. Haina tiba ya kuiondoa, lakini dawa za kuipunguza makali zipo. Miaka mitatu hiyo ingeokolewa na daktari mmoja wa mishipa ya fahamu. Vilevile yule baba anayekoroma mpaka pumzi inakatika, kisha anakurupuka kama aliyekuwa anazama, na mchana anasinzia akiendesha gari: njia yake ya hewa inaziba usingizini. Colin Sullivan wa Sydney alitangaza mwaka 1981 mashine ya kusukuma hewa puani ili njia hiyo isizibe. Za mwanzo zilitengenezwa kwa mota ya kifyonza vumbi. Wengine mnaicheka hiyo mikoromo kwenye simu na kuitumia kwenye magrupu. Acheni.

Kwa jinamizi la kawaida, mambo yenyewe hayana urembo. Lala ubavu. Usikae na deni la usingizi siku tano halafu ulipe Jumapili. Saa ya kuamka iwe ileile kadiri kazi inavyoruhusu, na pombe ya kusindikizia usingizi iache, maana inauvuruga usingizi wa ndoto na kuurudisha kwa fujo alfajiri. Ukikabwa, usipigane na mwili mzima. Jaribu kidole kimoja, cha mguu au mkono, kukitikisa kidogo kidogo. Na ukiamka usiku bila kukabwa, usidhani ni ugonjwa papo hapo. Mwaka 2017 ulitoka utafiti juu ya Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi: watu wazima 33, siku 20, kila mmoja na kifaa mkononi cha kupima usingizi. Katika muda wote huo zilikuwa dakika 18 tu ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja. Daima kulikuwa na mtu macho, anageuka, anachochea moto, ananyonyesha. Hakuna aliyewapangia zamu.

Jalal naye hakuishia kuhesabu. Mwaka 2020 yeye na madaktari wa Italia walijaribu mbinu ya hatua nne kwa wagonjwa 10 wa nakolepsi, sita wakiitumia na wanne wakitumia mbinu nyingine ya kulinganishia. Likija, jiambie ni jinamizi na litapita. Jiambie pia huna sababu ya kuogopa. Kisha peleka mawazo kwenye jambo moja la kukupendeza, sala au sura ya mama yako. Mwisho, legeza misuli na usijaribu kujinasua. Waliofuata mbinu hiyo, siku zao za kukabwa zilipungua kwa nusu. Ni watu wachache mno kujenga hoja kubwa, lakini ni bure na haimwui mtu.

Mimi zamu ya usiku bado ninayo, mara mbili kwa mwezi. Nanunua pazia zito wiki ijayo mshahara ukitoka. Wadau wa Pemba, Mombasa, Bukavu na Maskati, kwenu linaitwaje, na wazee wenu walisema ulale vipi? Niandikieni.